Dakika Tatu za Bokungu

Wekeni vikombe chini, wanangu, mkae mahali nitakapoziona nyuso zenu, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kuhesabu, na sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno kama nilivyofanya miaka thelathini na mmoja mbele ya darasa la tano. Wewe Phébé, shika kalamu, andika kama ninavyosema, na leo usinisahihishe. Wewe Élisée, njoo hapa karibu na magoti yangu, si pale mlangoni; mtoto wa kwanza hakai kwenye njia ya kutokea. Na yule binti aliyeketi barazani, Bolingo, anayeuza samaki wa Bukama kule Base, kwenye kambi ya jeshi, mpelekeeni maji ya kunywa na mumwambie asiondoke. Nimemwita mimi mwenyewe, na nitamwita ndani neno litakapofika kwake.

Maji yamepanda kutoka miguuni mpaka kifuani. Jana muuguzi alinigusa mbavu, akageuka kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, na ndani ya mkoba hamkuwa na kitu. Nimezika nusu ya Kamina kwa kuimba, naujua uso wa mtu anayeficha habari. Basi acheni kuniambia nitapona, mnanipotezea muda.

Mali yangu haina ugomvi, tutaimaliza upesi. Nyumba hii ni yenu wawili, asiiuze mmoja bila mwingine, na chumba cha mbele ni cha Phébé hata akiolewa, kwa kuwa ndiye aliyekipaka chokaa mwaka ambao wewe Élisée ulikuwa na maumivu ya mgongo yaliyopona siku kazi ilipokwisha. Shamba la mihogo bondeni mligawe kwenye mchikichi ulio katikati, na mchikichi wenyewe uwe wa wote. Baiskeli achukue Élisée. Ina breki moja, kwa hiyo jifunze kupunguza mwendo mapema. Vitabu ni vya Phébé. Kinanda kirudi shuleni kilikotoka, na anayekichukua aangalie mfuko wake wa upepo, ataona kiraka cha mpira mweusi wa gurudumu la lori. Kiraka hicho kisibanduliwe, hata waje mafundi wa namna gani. Huyo aliyekishona ndiye mtu ninayetaka kuwaambia habari zake, na sikuwahi kuwaambia, kwa sababu niliona haya, na haya ikikaa muda mrefu moyoni hugeuka kuwa tabia.

Kuna kitu kimoja ambacho mji mzima unakihesabu kuwa changu, nacho si changu. Mnaujua wimbo wa "Nimechelewa Njiani". Unaimbwa kwetu Wametodisti, unaimbwa kwa Wakatoliki, wanajeshi wanauimba, na wanawake wa sokoni wanaunong'ona wakichambua dagaa. Hakuna kilio katika Kamina kinachomalizika bila huo wimbo, na kila mahali wanauita wimbo wa Mwalimu Abner. Élisée, wewe sasa ndiwe kiongozi wa kwaya, na tangu Jumanne mnafanya mazoezi ya kuuimba juu ya jeneza langu. Nawasikia kutoka hapa kitandani, na sauti ya pili inashuka. Wimbo ule sikuutunga mimi. Hata mstari mmoja. Haya, nimesema, na bati la nyumba bado liko juu.

Aliyeutunga aliitwa Jean-Baptiste Bokungu. Alikuwa kaporali kule Base, mtu wa jimbo la Équateur, fundi wa magari ya jeshi, mwenye mikono mikubwa ambayo ungefikiri inafaa kushika spana tu. Mwaka wa sabini na nne kinanda cha shule kilipasuka mfuko, mkurugenzi akasema Base kuna fundi ambaye hashindwi na kitu. Bokungu akaja kwa miguu, akalala chini ya kinanda kama chini ya lori, akakishona, akakataa malipo. Mimi nikaona si vizuri, nikabeba kikapu cha unga wa mihogo, nikaenda kumshukuru Jumamosi moja baada ya adhuhuri. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha.

Nikamkuta mlangoni pa nyumba yake, kwenye zile nyumba za askari zilizopangwa mstari, ameketi juu ya sanduku tupu la risasi na gitaa mapajani. Mke wake Kabedi alikuwa akimenya maharage. Binti yao wa miaka mitatu alikuwa akizunguka hapo na ndala za baba yake miguuni. Na Amédée mpiga picha, yule aliyewapiga picha za ubatizo nyote wawili, alikuwa amechutama kwenye tope na kamera ndogo ya filamu aliyoinunua kwa Mbelgiji mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Alitaka kuijaribu. Alikuwa na bobini moja tu ya filamu, na bobini moja ni dakika tatu na kidogo, basi alikuwa akisubiri kitu kinachostahili dakika tatu.

Bokungu akaimba. Aliimba taratibu, kwa sauti ya mtu anayeongea na mgonjwa, na mimi niliyezoea sauti nne na kijiti cha kuongozea nikakaa chini bila kukaribishwa. Alipomaliza nikamwuliza wimbo huo ni wa nani. Akaniambia mama yake alifariki kule kwao, na telegramu ilimfikia baada ya mwezi mzima. Alipanda treni mpaka Ilebo, akapanda mashua, akafika wiki ya saba. Kwao, watoto wa marehemu hulala kwenye mikeka uani, na mikeka haikunjwi mpaka mtoto aliye mbali afike.

"Mwalimu," akaniambia, "banalala chini siku mingi. Banachoka, banakunja. Minyi hapana kukasirika nabo. Banasema mwisho mama alitaja jina yangu, njo akafa. Basi miko nayo ile jina, inaenea, inatosha."

Ndipo nikamwomba aurudie, nikatoa daftari langu mfukoni ili niyaandike maneno na noti zake. Akaurudia, mimi naandika, Amédée anazungusha filamu yake. Nilipokosea alinisimamisha. Dakika tatu hizo, wanangu, zilikuwa somo, na mwanafunzi nilikuwa mimi.

Phébé, andika maneno yake kama alivyoyaimba, usiyapige pasi, na kando uandike kwamba "paka" ya usemi wetu ni "tu":

Mama, minachelewa mu njia,
treni haina na mabawa,
minakuta mukeka banakunja,
paka jina yangu inabakia.

Mimi nilirudi nyumbani nikayasahihisha kama daftari la mtoto. "Mama" nikaandika "Bwana". Treni nikaitoa, nikaona haifai madhabahuni, nikaweka miguu yangu haina mabawa. Mkeka nikauacha kwa sababu sikupata cha kuweka badala yake, na leo watu wote wanalia wanapofika kwenye mkeka. Na kipande cha tatu nikakikata chote. Kipande hicho kilikuwa na jina la mtoto wake. Nikajisemea kwamba kanisa haliwezi kuimba jina la mtoto wa askari.

Nilipoupeleka kwenye kamati ya kwaya, waliusikiliza mara moja tu na wazee wawili wakatoa leso. Mchungaji akauliza, nani ametunga? Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, nami sikupita. Nyinyi hamkuziona siku zile. Kwetu gitaa lilikuwa jina jingine la pombe, na Bokungu kila Jumamosi jioni alipiga kwenye baa ya Base na chupa yake kando ya mguu. Nikawaza, nikilitaja jina lake wimbo utafia hapa mezani. Acha kwanza upite, nitamtaja baadaye. Mchungaji akacheka kwa upole, akasema, "Ni wewe, ndugu Abner. Unyenyekevu unakuziba mdomo."

Nami nikainamisha kichwa.

Mnajua desturi yetu. Mtu akisifiwa kanisani huinamisha kichwa, hajibu, maana anayezikataa sifa kwa maneno huonekana anaziomba mara ya pili. Basi niliinamisha, na watu wote wakaona adabu, na hakuna aliyeona uongo. Sikutamka neno moja la uongo, wanangu, nilitumia shingo tu. Na tangu siku ile kila waliponisifu niliinamisha, na kila nilipoinamisha walinisifu zaidi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na mimi nilitia maji miaka kumi na sita.

Ilikuwepo siku ambayo ningeweza kurudi nyuma. Pasaka ya mwaka uliofuata tuliuimba kanisa likiwa limejaa, na nilipogeuka kuwapa watu ubeti wa mwisho nilimwona Bokungu nje, kwenye dirisha la upande mwembamba wa ukuta, amevua kofia yake ya jeshi. Hakuingia. Kesho yake akanijia shuleni wakati wa mapumziko. Nilikwisha kuandaa maneno ya kujitetea, mengi, kwa Kifaransa hata. Hakuyahitaji.

"Mwalimu, minasikia wimbo yangu kwenu. Inapendeza sana, sauti mingi vile. Paka kipande ya mutoto njo munaacha. Juu ya nini?"

Nikamwambia kanisa lina taratibu zake.

"Si neno," akasema. "Weye uko na bantu mingi ya kuimbia. Minyi niko paka na mutoto moya. Siku moya utamuimbia."

Akanishika mkono akaenda zake. Hakuomba jina lake liandikwe, hakudai kitu. Laiti angenitukana, ningempa haki yake kwa hasira. Aliniachia jambo dogo, nami nikaliona dogo kweli, nikalisahau.

Ambroise hakusahau. Mnamjua Ambroise wa sauti ya nne, aliyehamia Luena. Mlikuwa mkiuliza kwa nini hatuamkiani, nami niliwaambia ni mambo ya funguo za kabati la kwaya. Hakuna funguo. Ambroise alikunywa bia Base siku moja, akamsikia Bokungu akiimba, na siku ya mazoezi akaniuliza mbele ya wote, "Mwalimu, hii wimbo ulitoa wapi?" Nikamfukuza kwenye kwaya kwa kosa la kunywa bia. Alikuwa amekunywa kweli, na ndiyo maana hukumu yangu ilipendeza machoni pa watu. Élisée, utapanda treni mpaka Luena, utamwambia Ambroise kwamba Abner anasema ulikuwa na haki, na kwamba nafasi yake ya nyuma kushoto haijawahi kujazwa vizuri. Hiyo ya pili ni kweli pia, mwambie.

Nisogezeeni mto. Hapo. Asante, Phébé.

Mwaka wa sabini na saba, vita vilipoingia jimboni kwetu Shaba, wanajeshi wa Base walipakiwa kwenye treni, nasi tukaitwa stesheni kuwaimbia. Watu wakaomba "Nimechelewa Njiani". Tukauimba. Nilikuwa nimewapa mgongo askari, ninaongoza, na treni ilipoanza kuvuta niligeuka, na Bokungu alikuwa dirishani pa behewa la tatu. Alikuwa akicheka, akanyoosha mkono, akaita, "Mwalimu! Kipande ya mutoto!" Filimbi ya treni ililia. Mimi nikashika sikio, nikatikisa kichwa kama mtu ambaye hakusikia.

Nilisikia. Nilisikia vizuri sana.

Hakurudi. Hakuna barua, hakuna kaburi, hakuna aliyeweza kumwambia Kabedi alianguka wapi. Kabedi alikaa mwaka mmoja na mkeka wa kilio uani, kisha majirani wakamwambia inatosha, akaukunja.

Na sasa neno ambalo nimelizunguka tangu asubuhi. Miaka miwili iliyopita Kabedi alipofariki, binti yake alikuja hapa nyumbani. Phébé, ulimfungulia mlango wewe. Alisimama pale ulipo wewe sasa, Élisée, na kuku mwekundu chini ya kwapa, akasema, "Tata Mwalimu, samahani, shiye ni Bakatoliki, lakini mama alipenda sana wimbo yako. Minaomba kwaya ikuye kumuimbia." Wimbo wangu! Mtoto wa Bokungu, akiniomba ruhusa ya wimbo wa Bokungu, amzike nao mke wa Bokungu. Na mimi nikafanya nini? Nikainamisha kichwa. Tukaenda, tukaimba, akalia, akanishukuru kwa mikono miwili. Yule kuku tulimla siku ya Jumapili. Nilikula paja.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, kwa hiyo msiniambie pole. Andika tu, Phébé, na machozi yasidondoke kwenye karatasi, wino wa siku hizi ni maji matupu.

Pengine ningekufa nao uongo huo, maana nilikuwa nimekwisha kuuzoea kama mguu mfupi. Lakini mwezi uliopita Ève, mjane wa Amédée, alipokuwa akihamia kwa kaka yake Luena, alituletea lile kopo la maziwa ya unga, akasema mumewe aliandika juu yake jina la Mwalimu Abner, huenda ni picha za kwaya. Phébé akalifungua, akauvuta ule utepe, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Tata, kuna bantu badogo-badogo humu." Mkaazima projekta ya parokia, ile iliyoachwa na wauguzi wa filamu za usafi. Siku hiyo bado nilikuwa natembea. Mkatundika mablanketi kwenye madirisha ya darasa mchana wa jua kali, mkanikalisha mbele kwenye kiti cha mwanafunzi.

Filamu ile haina sauti. Mashine inalia kama cherehani, basi. Lakini kila kitu kipo. Yupo Bokungu na fulana yake nyeupe, na sanduku la risasi, na mlango wenye namba kumi na nne. Yupo Kabedi na maharage. Mtoto anakuja na ndala kubwa, anaweka kiganja kwenye nyuzi, na baba anakiinua taratibu, anakiweka kwenye goti lake, anaendelea. Kisha kamera inageuka, na nani yule mwembamba wa tai nyeusi, daftari juu ya paja, mdomo wazi kama kifaranga? Anaandika. Bokungu anatikisa kichwa, anapandisha mkono kuonyesha kwamba sauti inapanda, siyo kushuka. Mwembamba anafuta, anajaribu tena. Bokungu anacheka, anakubali kwa kichwa. Hata mtu asiye na masikio akiitazama filamu ile anajua nani anafundisha na nani anafundishwa. Na mwisho kabisa Bokungu anamvuta mtoto, anaimba sikioni mwake, midomo inaonekana wazi, na mwanga mweupe unakula picha yote.

Miaka kumi na sita nilifikiri kipande kile kimekufa kwa sababu nilikikata. Kumbe kilikuwa ndani ya kopo la maziwa. Mficha maradhi, kilio humfichua. Mimi yangu yalifichuliwa hata kilio kabla hakijaanza.

Nilipowasha taa nilitazama nyuso zenu. Phébé alikuwa akinitazama mimi. Wewe Élisée ulikuwa ukitazama mashine. Tukiwa njiani ukaniambia, na ninasema maneno yako yote bila kuongeza, "Tata, hii kintu tuichome. Nani anajua? Bantu bataseka jina yetu, na minyi njo niko mbele ya kwaya." Nilikujibu tutazungumza nyumbani. Tulipofika nilianguka, na tangu siku hiyo kopo halipo chini ya kitanda changu.

Sikukasirikii, mwanangu. Woga huo ulijifunza wapi kama si kwenye shingo yangu? Umekua ukiona baba anainamisha kichwa na watu wanapiga makofi, ukafikiri ndivyo heshima inavyopatikana. Nimekurithisha kwaya, nimekurithisha jina, na ndani ya jina nimekuwekea jiwe. Leo ninalitoa kwa mkono wangu, ili lisije likatolewa na wengine mimi nikiwa nimelala salama chini ya udongo. Watacheka, ndiyo. Watacheka mwezi mmoja. Kisha watauimba wimbo, kwa maana wimbo hauna kosa.

Basi sikieni amri zangu, ni chache. Siku ya kunizika, kabla kwaya haijafungua mdomo, Élisée atasimama na kusema jina la Jean-Baptiste Bokungu, kwa sauti, mbele ya mchungaji na mbele ya wale wazee wa kamati waliobaki. Mkishindwa kulitaja jina hilo, wimbo ule usiimbwe juu yangu, nizikeni kimya kama mbuzi. Kwenye vitabu vya kwaya futeni jina langu kwa wino, siyo kwa penseli. "Bwana" mnaweza kuiacha kanisani, Mungu hatakasirika; lakini nyumbani na kwenye vilio imbeni "Mama", na treni irudi kwenye reli yake. Daftari langu la kale, lenye jalada la buluu, ni la Bolingo. Filamu ni ya Bolingo. Na mikeka ya kilio changu isikunjwe mpaka Ambroise awe amekuja kutoka Luena, hata akichelewa. Kawia ufike, walisema wazee.

Sasa, kopo. Simwulizi Phébé. Namwuliza mtu mmoja tu, naye anajua ninamwuliza nani. Sitakulazimisha, Élisée, sina tena hata nguvu za kukuinulia kidole. Nenda au kaa.

...

Ni viatu vyake hivyo? Anakwenda wapi, ghalani? Acha, usimfuate, Phébé. Mwache atembee peke yake. Wewe tundika blanketi dirishani, weka mezani ile projekta mliyoiazima tena, na umwambie jirani awashe jenereta ya parokia, na ukuta huu wa chokaa utatutosha.

Umerudi. Lilikuwa kwenye gunia la unga, sivyo? Mkono mweupe mpaka kiwikoni. Usilie, mwanangu, lete hapa nikuguse kichwa. Mtoto wangu. Kama ungeichoma nisingekuwa na cha kumpa. Ulikuwa na kiberiti wiki tatu nzima na hukuichoma, hilo nimeliona, na huko ninakokwenda nitalisema.

Mwiteni Bolingo.

Karibu, mama. Kaa hapa chini, kwenye mkeka, karibu na ukuta. Usinishike mkono kwanza, utaushika baadaye ukitaka. Wimbo uliomzikia mama yako si wangu. Ni wa baba yako. Mimi niliuchukua, nikakubali kuku wako. Mambo yangu ndiyo hayo, yote yamo kwenye karatasi ya Phébé, utasomewa. Lakini kuna kipande kimoja ambacho hakuna mtu amewahi kukisikia ila mama yako na mimi, na Amédée, nao wawili wamekwisha kwenda. Ni chako. Alikuimbia sikioni ukiwa na ndala zake miguuni. Aliniagiza mara mbili nikupe, na mara ya pili nilijifanya kiziwi. Utamwona sasa. Picha haina sauti. Sauti ninayo mimi.

Dakika tatu. Ee Vidye, Mungu wa baba zangu, nipe pumzi ya dakika tatu.

Wanangu, kabla hamjawasha, inamisheni vichwa, na leo iwe kwa haki. Mungu awape ulimi unaotamka mapema. Awape jirani asiyechoka kuwangoja. Phébé, uolewe ama usiolewe, usikose mtu wa kukusikiliza. Élisée, jina lako liwe jepesi kubeba. Na nyumba hii isifungiwe mtu. Amina.

Washa.

Ndiye huyo... Umeona mikono yake? Na yule... yule ni mama yako. Ndala, ndiyo, ni wewe. Usiseme, tazama. Mwembamba yule ni mimi, achana naye, atapita. Sasa anakuvuta... anakuvuta karibu... hapa, hapa... tazama mdomo...

Bolingo, usikunje mukeka...
tata iko mu njia...

Ngoja. Pumzi. Hapana, Phébé, niache... anaendelea, hatungoji...

hata minachelewa... nitafika...

Fungula... fungula mulango...

Si minyi ninaimba, Bolingo. Ni yeye.